Gobore la Mkwe

Jeshini kuna kazi za kila aina, lakini ile aliyopewa Sajini Saturnin Gbanu sijaisikia kwingine. Alikuwa mtunza ghala la silaha katika mji wa Gbadima, ukingoni mwa mto Mbomu, na ghala lenyewe halikuwa na silaha. Wageni walikuwa wamelijenga kwa zege, wakalitia mlango wa chuma na kufuli mbili, na ndani vishikio sitini vya kusimamishia bunduki, vyote vimepakwa rangi ya kijani. Vishikio vyote sitini vilikuwa wazi. Askari wa kituo walikuwa kumi na wanane wenye bunduki tano, na hizo tano zililala mikononi mwa wenyewe, maana hakuna mwenye akili aliyekubali kuiacha yake mahali.

Mambo yalikuwa hivi. Wakubwa wa Baraza la Usalama walikuwa wameiwekea nchi vikwazo: isiuziwe silaha, isipewe msaada wa kijeshi, ila kwa kibali chao. Na kibali kilikuwa na masharti yake. Mji ujengewe ghala kwanza, wakaguzi waje walitazame, wakiridhika ndipo bunduki ziletwe, kila moja na namba yake. Ndani ya ghala kisikutwe kitu chochote kisichokuwa kwenye orodha. Nia yao huenda ilikuwa njema, sikatai. Lakini waasi wa msituni, ambao ndio hasa waliostahili kunyimwa, hawakumwomba mtu kibali. Za kwao zilipita porini, mpya kabisa, zikinuka mafuta ya kiwandani. Aliyetii sheria ndiye aliyebaki na fimbo.

Basi Saturnin alifagia. Kila asubuhi alifungua kufuli mbili, akafagia sakafu isiyokanyagwa na mtu, akapangusa vishikio kwa kitambaa, akaandika kwenye daftari, "Hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka," akatia sahihi. Wenzake walimwita Mlinzi wa Hewa.

"Afande, leo hewa imetimia?" Koplo Wasse alimtania akipita na bunduki yake begani.

"Imetimia. Tena imezidi, tangu upite wewe hujaoga."

Walicheka, wakaenda zao doria. Mtunza ghala haendi doria. Alibaki na funguo zake mchana kutwa, akisikiliza bati likilia kwa joto, na siku nyingine jioni ilifika hajafungua mdomo tena tangu mzaha ule wa asubuhi.

Nyumbani nako hapakuwa na mtu. Mkewe, Pelagie, alikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, tangu siku waasi walipoingia mjini. Siku ile askari walipigana mpaka risasi zikaisha, na ziliisha kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo walikimbilia misheni kujificha pamoja na watawa. Pelagie alikuwa na mimba ya miezi sita. Kaka yake, Romaric, alimpakia mtumbwini na familia yake, wakavuka. Waasi walikaa siku tisa, wakabeba walichoweza kubeba, wakaondoka. Watu wengi walirudi. Pelagie hakurudi. Alituma neno moja tu: "Nitarudi siku mtakapokuwa na bunduki. Sizai mtoto nije nimkimbize tena."

Saturnin hakumlaumu. Angemlaumuje, naye mwenyewe alikuwa chini ya kitanda cha padri? Mtoto alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, wa kike, akaitwa Zita, na baba yake alimjua kwa kilio tu. Kuvuka kumwona hakuruhusiwa. Askari wa upande huu akikanyaga upande ule na sare au bila sare, ni kesi ya mataifa. Ila mtandao wa Kongo ulishika pale wanapofunga mitumbwi, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa alishuka mtoni na vocha yake.

"Baba Zita, umekula?" Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la Pelagie kila mara.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

Saturnin alifikiri kidogo. "Na ugali."

Pelagie aliangua kicheko, mtoto akashtuka akaanza kulia, na Saturnin akafumba macho ili avisikie vyote viwili vizuri. Kisha vocha ikaisha. Moshi wa majiko ya ng'ambo ulionekana, jogoo wao alisikika akiwika, lakini mke haonekani. Alirudi nyumbani, akala huo ugali wake wa muhogo akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu kuketi mezani peke yake kulimuuma.

Aliyemwokoa alikuwa baba mkwe wake. Mzee Zungbe alikataa kata kata kuvuka mto. Alisema amewinda upande huu miaka hamsini na wanyama wa upande ule hawamjui. Alikuwa na gobore lililofuliwa na mhunzi wa palepale mjini, mtutu wake bomba la usukani wa lori, kitako chake mti mwekundu uliong'aa kwa shavu lake. Siku moja akaja nalo ghalani.

"Mkwe, nyumba yako ina mlango kuliko ya askofu," alisema akitazama pembeni, maana kwao mkwe hamtazami mkwe usoni. "Wale jamaa wakirudi, cha kwanza watakachotafuta ni hili gobore. Niwekee."

"Baba, humu hakiingii kitu kisicho kwenye orodha."

"Hiyo orodha ina nini?"

"Haina kitu."

"Basi nitakuwa wa kwanza. Au unataka wa kwanza awe mtu baki?"

Saturnin alijua sheria. Lakini alikuwa hajazungumza na binadamu tangu juzi, na mzee alikuwa ameshaingia. Zungbe alilisimamisha mwenyewe kwenye kishikio cha kwanza, kwa kuwa katika ukoo wao gobore la mtu haliguswi ila na yeye mwenyewe na damu yake. Na mkwe ndiye wa mwisho kabisa kulitia mkono. Heri hata mpita njia. Mzee mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka. "Serikali ina akili sana. Imekuweka ulinde bunduki ambazo hazipo, nami nimekuletea moja ambayo huwezi kuishika."

Kuanzia hapo alikuja kila asubuhi kulitazama gobore lake. Alilipaka mafuta ya mawese, kisha akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mgongo ameugeuza nusu kwa heshima, wakazungumza wote wawili wakitazama ukuta. Alimsimulia nyati aliyemkosa mwaka wa harusi ya Pelagie, na kila siku nyati yule aliongezeka ukubwa. Habari zikaenea, wawindaji wengine wakaleta magobore yao, mpaka yakafika kumi na moja, na kila mwenye lake akawa na zamu ya kuja kulijulia hali. Ghala likageuka kijiwe. Tuseme ukweli hapa: Saturnin hakuyapokea magobore yale kwa ajili ya usalama wa mji. Aliyapokea kwa sababu yalikuja na watu.

Mvua zilipoanza, Mzee Zungbe alibanwa na kifua, akalala siku sita, akafa. Mto ulikuwa umefura, mitumbwi haivuki, na watoto wake wote wawili walikuwa ng'ambo. Saturnin alimzika yeye na wawindaji, wakirusha udongo wa tope. Kwenye simu Pelagie alilia mpaka vocha ikaisha; Saturnin akaongeza nyingine, ikaisha nayo.

Mwisho akauliza, "Gobore la baba liko wapi?"

"Liko palepale alipoliweka."

"Libaki palepale. Unajua."

"Najua, Mama Zita."

Alijua, na kila mtu Gbadima alijua mambo ya akina Zungbe. Kwao gobore la marehemu linakaa pale mkono wake ulipoliacha, mwaka mzima. Mwaka ukitimia, mwana wa kiume analitoa, analipiga mara moja hewani, na hapo marehemu anaondoka kwa amani na matanga yanaanuliwa. Likitolewa kabla, marehemu amefukuzwa kwake. Ikiwa aliyelitoa ni mtu wa nje, kuna faini yake na wazee wanaizungumza. Ikiwa ni damu yake mwenyewe, huyo anaanza matanga upya, mwaka mwingine kamili, peke yake, akilala chini ya paa la mkubwa wa ukoo na si kwingine.

Miezi kumi ikapita hivyo, gobore limesimama kwenye kishikio cha kwanza, ndoo iko mahali pake, hakuna aliyeikalia.

Ndipo Jumatatu moja Luteni Feikumo akaja ghalani mbio, barua mkononi. Luteni alikuwa kijana aliyenyoa ndevu kila siku hata kama hakuna wa kumtazama.

"Sajini! Wakaguzi wanakuja Alhamisi! Wakipitisha ghala, bunduki arobaini zinapanda ndege!" Kisha akatupa macho ukutani na uso ukambadilika. "Alhamisi nataka nione hewa humu ndani. Sitaki kuona hizi pampu za baiskeli."

"Sawa, afande."

"Hata moja. Wakikuta kitu kimoja kisicho kwenye orodha, wanaandika, wanafunga begi, na zamu yetu ni mwakani. Umenielewa?"

Saturnin alielewa kuliko luteni. Mwakani Zita angekuwa anakimbia. Angekuwa anasema maneno kamili. Angemwita Romaric baba, na nani angemsahihisha?

Wawindaji walikuja kuchukua magobore yao Jumanne, wakinung'unika, kila mmoja akilipangusa lake kama mtoto aliyetoka shule. "Sasa tutakuwa tunaonana wapi?" mmoja wao, Mzee Kosi, aliuliza mlangoni. Jioni likabaki moja.

Saturnin alishuka mtoni, ingawa haikuwa Jumapili.

"Romaric anaweza kuvuka kesho?" alimuuliza mkewe.

"Kesho? Haiwezekani. Wiki hii wanatuhesabu kambini. Asiyekuwepo wakati jina lake linaitwa, anafutwa kwenye chakula. Labda Jumatatu. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimemkumbuka tu."

"Wewe umkumbuke Romaric? Baba Zita, sauti yako ina jambo."

"Ni mafua."

Hakumwambia. Alijua angemjibu hapana, na hapana ya Pelagie haina mlango wa nyuma. Ukishaambiwa hapana huwezi tena kujifanya hukusikia. Asipouliza, hajakatazwa. Ndivyo alivyojiambia akipanda kilima, na mtu akiwa mpweke kwa muda mrefu huanza kukubaliana na kila anachojiambia.

Jumatano asubuhi Koplo Wasse alijitolea. "Mimi si wa ukoo wao, afande. Nalishika, nalitupa kwenye gari, biashara imekwisha."

"Usithubutu."

"Kwa nini? Mimi siamini mambo hayo."

"Ndiyo maana usithubutu."

Aliona haya kwamba mzee atolewe na mtu anayetafuna karanga. Na yeye mwenyewe, mkwe, alitie mkono? Hilo hata kulifikiria lilimchoma. Alirudi nyumbani mchana, akaketi kitandani, akakitazama kitenge cha Pelagie. Kilikuwa cha samawati chenye maua ya njano. Mwenyewe alikiacha kwenye kamba siku ya kukimbia, na tangu siku hiyo Saturnin alikitandika upande wa pili wa kitanda ili upande huo usiwe mtupu. Ukimcheka, umcheke taratibu.

Akakikumbuka alichofundishwa na mkewe tangu mwanzo wa ndoa: kwao nguo ya mwanamke ni mwili wake. Hukiruki kitenge cha mtu, humpi mgeni ajifunike, hukifanyi tambara. Basi wazo likamjia, akaruka nalo. Kama kitenge ni Pelagie, gobore likibebwa kwa kitenge limebebwa na Pelagie. Pelagie ni damu. Binti kumsogeza baba yake kidogo ili wageni wapite, kuna ubaya gani? Mkono wa mkwe hautakuwa umeligusa hata kidogo. Alijiona mjanja, masikini, na sijawahi kumwona mtu akijidanganya kwa uangalifu kama ule.

Alikunja kitenge mara mbili, akakitupia juu ya gobore, akalizungushia mpaka hakuna chuma kilichoonekana. "Baba," alisema akitazama ukutani, "ni binti yako huyu. Anakusogeza tu." Akalibeba hadi nyumbani, akalisimamisha nyuma ya mlango, akalala vizuri usiku ule.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo kutoka Benin, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na nyuma yake wazungu wawili wenye kamera. Alisoma daftari zima, kurasa zote za "hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka", bila kucheka. Alijaribu kufuli. Alipiga zege kwa kiganja. Kisha akapitisha kidole kwenye kishikio cha kwanza, akakitazama kidole.

"Hii nini, sajini?"

"Mafuta, mama. Ya kuzuia kutu."

"Ya mawese?"

"Ndiyo tuliyonayo, mama."

"Vishikio vingine havina."

Saturnin alisikia shati likimgandama mgongoni. "Nilianza na cha kwanza, mama."

Yule mama alimtazama, na pengine aliona kitu. Kisha akapangusa kidole kwa leso, akatia sahihi. Mlango ukafungwa na kubandikwa lakiri ya Umoja wa Mataifa, usifunguliwe mpaka bunduki zenyewe zifike. Kwa hiyo hata kama Saturnin angetaka kulirudisha gobore mahali pake, njia haikuwepo. Lakini hakutaka, aliona hakuna kosa lililotendeka.

Wiki saba baadaye ndege ilitua. Masanduku yakashushwa, bunduki arobaini zikapangwa kwenye vishikio vya kijani, kila moja na namba iliyochongwa na ukurasa wake kwenye daftari. Askari walicheza ngoma uwanjani. Hata Koplo Wasse aliacha kutania. Saturnin alifunga kufuli mbili, akashuka mtoni akikimbia.

"Zimefika!"

Pelagie alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kambi nzima ilimsikia. "Jumamosi tunakuja, Baba Zita! Mwaka wa baba unatimia wiki hii hii. Romaric atapiga gobore, tutaanua matanga, na mimi sirudi huku tena."

"Utabaki?"

"Nitabaki. Tafuta mahali pa kulala mtoto. Na usipike ugali na ugali."

Siku nne zile Saturnin alipaka nyumba chokaa, akatengeneza kitanda kidogo kwa mbao za masanduku ya bunduki, akaazima sufuria kwa masista. Jumamosi alichinja kuku wawili, akawaunga kwa siagi ya karanga, kisamvu pembeni. Wawindaji walikuja wamevaa vizuri, na Mzee Kosi alileta tembo la mchikichi.

Mtumbwi ulipogusa mchanga, Pelagie alishuka wa kwanza, mtoto mgongoni.

"Umekonda," alisema.

"Wewe umenenepa."

"Chakula cha msaada, baba. Kunde, kunde, kunde." Akacheka, akafuta machozi kwa kiganja, akamgeuza mtoto. Zita alimtazama baba yake, akatazama sare, akapasua kilio. Kilikuwa kilio kilekile cha kwenye simu. Saturnin alikitambua, akashika ubavu wa mtumbwi.

Walipanda kilima pamoja. Kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka miwili Saturnin alisikia nyayo za mtu mwingine zikiingia nyumbani kwake.

Romaric alikuwa mtu wa maneno machache. Alikunywa maji, akasimama. "Haya shemeji, jua lisituache. Twende ghalani nikalitoe la mzee."

"Haliko ghalani, shemeji. Liko hapa."

Romaric alimtazama. "Hapa wapi?"

"Nyuma ya mlango. Wakaguzi wangeliandika. Tungekosa bunduki. Lakini tulieni, hakuna mkono uliolishika."

Alifunga mlango taratibu, walione. Aliwaeleza, na kwa kweli alieleza kama mtu anayengoja kupongezwa: jinsi koplo alivyotaka kulitupa kwenye gari akakataa, jinsi alivyofikiri, jinsi kitenge kilivyolizunguka chote, hata ncha ya mtutu. Aliongea mpaka akagundua anaongea peke yake.

Pelagie alikuwa ameketi sakafuni.

"Hicho ni kitenge changu," alisema.

"Ndicho. Ndiyo maana yake. Ni wewe uliyembeba."

"Ni mimi niliyembeba."

"Si mimi, ni wewe. Damu yake."

"Nimesikia, Saturnin." Alikuwa hajamwita kwa jina tangu Zita azaliwe. "Mimi nilikuwa kambini nimepanga mstari, ninahesabiwa, na huku nyuma nimemfukuza baba yangu nyumbani kabla ya siku zake."

Wawindaji wakaanza kutazama nje. Mzee Kosi ndiye aliyesema, tena kwa upole, jambo ambalo heri angelimeza. "Sajini, ungelishika kwa mkono wako mwenyewe, kosa lingekuwa lako. Ungetoa mbuzi, tungekula, yangeisha."

"Basi nilishike sasa!" Saturnin aliruka mlangoni, akalinyakua gobore kwa mikono yote miwili, kitenge kikaanguka. "Nimelishika! Nimelishika mimi, si yeye! Chukueni mbuzi! Chukueni kumi!"

Romaric alisogea, akalichukua kutoka mikononi mwake bila ukali, akatoka nalo uani. Alilishindilia baruti, akalielekeza juu, akapiga mara moja. Matanga yakaanuliwa kwa watu wote waliokuwepo isipokuwa mmoja, na huyo alibaki ndani, sakafuni, akimnyonyesha mtoto.

Kuku hawakuliwa. Saturnin alijaribu yote. Alisema wanyamaze, hakuna mtu wa nje aliyeona. Pelagie akasema baba ameona. Alimwomba Romaric, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, ahamie huku, paa liwe moja. Romaric alikuna kichwa: nyumba ya mzee waasi waliiezua, na kule ana watoto watano na kadi ya chakula, angewaleta wale nini? Hakuwa na hasira, hata kidogo. Saturnin angependa awe na hasira.

"Mwaka mmoja tu, shemeji," Romaric alisema. "Mwaka si mwingi."

Jua lilikuwa bado juu waliposhuka mtoni. Pelagie alimpa Saturnin mtoto wakati anafunga mizigo yake mtumbwini, ile mizigo aliyokuja nayo ili abaki: sufuria mbili, mkeka, mfuko wa nguo. Zita hakulia safari hii. Alikuwa amemzoea ndani ya mchana mmoja; alipapasa kidevu cha baba yake, mkono ukashuka, akakamata kifungo cha sare.

"Ungeniuliza," Pelagie alisema akiwa amemgeuzia mgongo, anavuta kamba. "Simu ulikuwa nayo mkononi."

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia, ndiyo."

"Na bunduki zisingekuja. Na wewe usingekuja."

Pelagie aliacha kamba. Aligeuka akamtazama usoni, macho mekundu.

"Wiki ile ya kuhesabiwa nilikuwa nimeshafunga mizigo. Nilikuwa nangoja tu waite jina langu, nimwachie Romaric kadi yangu ya chakula, nivuke. Nilikuwa nimechoka, Saturnin. Halafu Jumapili ukanipigia, ukasema ghala limepita, bunduki ziko njiani, nikasema basi nivumilie kidogo, nije siku ya furaha." Akafuta pua kwa mkono. "Ningekuja hata kwa ghala tupu."

Romaric aliusukuma mtumbwi ukaelea. Pelagie alinyoosha mikono apokee mtoto, lakini Zita alikuwa amekaza kifungo kile kwa vidole vyake vyote, na ilibidi vifunguliwe kimoja kimoja. Saturnin alivifungua mwenyewe.